Malalamiko Kuhusu Kuenguliwa kwa Chura na Taa Zake Mpya Kwenye Msafara wa Bibi Harusi

Abeli Ndahani,
Nkuhungu, Dodoma.

Kumb. Na. AN/HARUSI/TAA/1

Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Paskazia,
Nyumbani kwa Shemeji Ernest,
Nkuhungu, Dodoma.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu na mjomba wa bibi harusi,

Habari za majukumu, na pole kwa mafua niliyosikia yamekushika kwa hili vumbi la mwezi huu. Sisi huku wazima, ila mimi nina hasira.

Nakuandikia barua ingawa kutoka mlangoni kwangu hadi kwako ni mwendo wa mtu kwenda kuazima chungio na kurudi. Nimefanya hivyo makusudi. Juzi nilipokuja kwa mdomo uliniambia, "Shem, tulia kwanza, kunywa soda," nikanywa soda, na nilipoiweka chupa chini kikao kilikuwa kimeshafungwa kwa sala. Mimi nimekaa masjala ya ofisi ya serikali tangu ujana wangu. Najua kwamba lalamiko la mdomo hujibiwa kwa soda, lakini barua yenye kumbukumbu namba ni lazima mtu akae chini aijibu.

Lalamiko langu kwa ufupi ni hili. Kamati yako imeamua, mimi nikiwa nje nawaonyesha wageni taa, kwamba siku ya harusi Paskazia hatapelekwa kanisani na baba yake mzazi katika gari la baba yake mzazi, bali na dereva wa kukodi katika gari jeupe la kukodi. Sababu iliyoandikwa kwenye muhtasari ni "usalama, hasa taa". Mimi nina binti mmoja tu. Safari hiyo ya kutoka Nkuhungu mpaka kanisani nimeisubiri tangu alipoanza kusimama dede, na sitakubali ichukuliwe na mtu ambaye hata jina lake hatulijui. Naomba uniruhusu nijibu hoja moja baada ya nyingine.

1. Kuhusu gari lenyewe

Wapo wajumbe wanaolizungumzia Chura kama vile ni kopo lililookotwa. Kwa faida yao naeleza. Chura ni gari la michezo, la milango miwili, la Kijapani, lililomzidi bibi harusi umri. Lilikuwa jekundu. Jina alipewa na watoto wa mtaa, kwa sababu taa zake za mbele hulala ndani ya boneti, na ukibonyeza swichi vifuniko vinainuka na taa zinachomoza kama macho ya chura kwenye maji. Nilipomleta Chura nyumbani, mke wangu Loisi alilia, na hakulia kwa furaha, maana dada yako alikuwa ameshajiandaa kisaikolojia kwa pikapu.

Lakini ni Chura huyo huyo aliyemrudisha Loisi na mtoto kutoka hospitali, mtoto kafunikwa khanga, mimi naendesha taratibu mno hadi wenye baiskeli wakawa wananipita na kunipa pole wakidhani nimeharibikiwa. Ni Chura aliyempeleka Paskazia darasa la kwanza, akampeleka kipaimara, akamfuata chuoni kila likizo na magodoro na ndoo juu. Leo mnamwita hatari kwa usalama. Hivi kweli, Shemeji?

2. Kuhusu taa za zamani na sababu ya kuzibadilisha

Sifichi. Taa za zamani zilikuwa zimechoka. Jicho la kulia liliamka ukibonyeza, la kushoto lilihitaji ushuke ulipige konzi. Mwanga wenyewe ulikuwa wa njano, wa kubembeleza, na kwenye njia za vumbi huko Nzuguni mbuzi walikuwa wananiona mimi kabla mimi sijawaona wao. Loisi alishazoea kushusha kioo akatoa mkono nje na kumulika kwa simu, huku akinitajia mashimo kwa majina. Kwa hiyo harusi ilipotangazwa, wakati baba wengine wanakimbilia kwa fundi suti, mimi nilikwenda kwa fundi taa.

Nurdini ni mtu wa Kondoa, mstaarabu, fundi umeme wa magari pale Chang'ombe. Alibadilisha mota za vifuniko, akavuta waya mpya, akaweka rilei ili swichi isiungue, kisha akafunga taa za LED nilizoagiza mwenyewe, za aina wanayofunga kwenye malori ya migodini. Alinitahadharisha kidogo. Alisema kikombe cha taa ya zamani hakikuumbwa kwa mwanga wa namna ile, utasambaa hovyo. Alisema pia taa ni nzito, vifuniko vitakuwa vinatikisika kila gari likigusa kitu, na akanishauri tuweke ndogo tuzishushe zimulike chini. Nilimjibu kwamba sikununua taa kwa ajili ya kuangalia lami. Akafuta mikono, akasema, "Sawa mzee, gari ni lako." Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba fundi aliridhika.

Tulipoziwasha mara ya kwanza, tena mchana kweupe, jogoo wa jirani aliwika na mama ntilie wa upande wa pili akaomba tuzime kwa sababu haoni sufuria. Mimi nilisimama pale gereji na machozi yakanilengalenga. Mengine yalikuwa ya mwanga, lakini si yote.

3. Kuhusu wakwe kuchelewa

Hapa ndipo nilipopakwa matope, kwa hiyo naomba unisome polepole.

Siku ya kikao cha pande mbili, Loisi alinituma Kibaigwa kuchukua madumu ya mafuta ya alizeti ya kupikia. Niliondoka asubuhi, Chura kaoshwa, taa zinawaka. Niliziwasha mchana kwa sababu Nurdini aliniambia mota mpya zisisumbuliwe kwanza kwa kufungua na kufunga. Na pia, kusema kweli, kwa sababu zilikuwa mpya.

Kuanzia Ihumwa nikaanza kuona upendo. Basi linakuja kutoka Dar es Salaam, dereva ananyoosha mkono kunishukuru. Lori la mahindi, dereva na utingo wake wote wawili wananipungia. Mwenye Noah akapiga honi na kuweka mkono kifuani. Jamani! Nimeendesha gari miaka yote hii na sijawahi kupendwa barabarani kiasi kile. Nikajua tu watu wanazisifia taa. Wengine walikuwa wanazungusha kiganja hewani kama wanaouliza kitu, nami nikadhani wanauliza ni taa gani hizo, basi nikawa natoa mkono dirishani na kuwaonyesha kidole chini, kwenye boneti, kwamba ni hizi hizi. Nilifika Kibaigwa mashavu yananiuma kwa kutabasamu.

Wewe ni dereva, Ndugu Mwenyekiti, umeshaelewa. Mimi nilikuja kueleweshwa jioni, mbele za watu. Nchi hii ukikutana na mwenzako mchana akakupigia fulu, yaani akakumulika kwa taa kubwa, maana yake mbele yako wamekaa trafiki na tochi, ile ya kupimia mwendo, kwa hiyo punguza. Wewe unamshukuru kwa mkono. Ukitaka kujua zaidi unazungusha kiganja kuuliza hali ikoje huko, na akikuonyesha kidole chini amekuambia wapo hapo hapo, karibu kabisa. Sasa vifuniko vya Chura vilikuwa vinatikisika kwa uzito, taa zinapanda na kushuka kwenye kila kiraka cha lami, na kila niliyekutana naye aliamini nampigia fulu. Kwa ufupi, bila kukusudia, niliwatangazia watu wote waliokuwa wanaingia Dodoma siku ile kwamba kila kichaka mpaka mjini kina askari.

Na kati ya hao ndimo ilimokuwa Kosta ya wakwe zetu kutoka Kibakwe. Walikuwa wameshateremka milima yao, wamepita Mpwapwa na Kongwa salama, wameingia barabara kuu pale Mbande, akina mama wanaimba na dereva ana haraka zake. Wakakutana na mimi. Baba mkubwa wa Joshua, bwana harusi wetu, anasema dereva aliona taa, akaona na kidole, akakanyaga breki hadi yule mbuzi wa zawadi aliyekuwa nyuma akaja kukaa mbele. Tangu hapo gari halikuzidi mwendo wa baiskeli. Wakifika kona, dereva anasema hapa ndipo walipo. Hawapo. Basi ni kona ijayo. Akina mama waliimba nyimbo zote za furaha wakazimaliza, wakaingia kwenye za misiba. Walipofika kwetu pilau ilikuwa imekauka, nyama ya wageni ilikuwa imeshaonjwa na wajumbe wa kamati mpaka mwisho, na wewe mwenyewe ulikuwa umelala kitini mdomo wazi.

Kwa hilo naambiwa niliaibisha ukoo. Utetezi wangu ni huu.

Kwanza, sikumdanganya mtu. Trafiki walikuwapo kweli, pale Chamwino, na nilipokuwa narudi walinisimamisha. Askari mmoja, mpole sana, aliniambia hajawahi kuona barabara ile ikiwa na nidhamu kama siku ile, magari yote yanapita kama yanasindikiza jeneza. Aliongeza jambo jingine kuhusu kuzishusha taa, lakini upepo ulikuwa mkali sikulisikia vizuri.

Pili, je, yupo mjumbe anayeweza kuthibitisha kwamba ile Kosta, kwa haraka ile iliyokuwa nayo, isingepinduka? Hayupo. Kama hayupo, basi tukubaliane kwamba ingepinduka. Na ndani yake alikuwamo Joshua. Kwa hiyo taa zangu zilimwokoa bwana harusi. Bila bwana harusi hakuna harusi, bila harusi hakuna kamati, na bila kamati wewe Shemeji si mwenyekiti wa kitu chochote. Hata hicho kiti ulicholalia umekipata kwa hisani ya Chura. Sidai shukrani, ila nilitegemea angalau nisitukanwe.

4. Kuhusu video

Hili ni dogo, nalijibu kwa sababu limeandikwa. Siku ya majaribio ya msafara, Erick mpiga video alikaa nyuma ya pikapu akimwelekezea Chura kamera, kama ilivyo kawaida yao. Sasa analalamika kwamba tangu Nkuhungu mpaka kanisani hakuna kinachoonekana isipokuwa weupe na sauti ya matarumbeta.

Nimeitazama hiyo video. Ni kweli. Lakini nauliza, bibi harusi atavaa rangi gani? Keki ni ya rangi gani? Si ninyi mliogombana kikao kizima kwamba ukumbi upambwe kwa weupe wa maziwa au weupe wa theluji, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiona theluji? Leo mmeletewa weupe wa bure mnaukataa. Loisi aliitazama hadi mwisho akasema hivi ndivyo mtu anavyoona akishakata roho, na mimi nililichukua hilo kama sifa. Kama Erick macho yanamuuma, avae miwani, na kamera nayo ivishwe.

5. Kuhusu gari jeupe la kukodi

Ebo! Hapa naomba tuseme ukweli. Jumamosi hiyo katika mji huu kutakuwa na magari meupe ya harusi yasiyo na idadi, yote yanafanana, yote yana maua yale yale ya plastiki na utepe ule ule. Dereva hamjui Paskazia. Wakikutana kwenye mzunguko, matarumbeta yanapiga, vumbi linatimka, nani atahakikisha kwamba kila gari limefuata msafara wake? Mtaletewa bibi harusi wa watu. Wa kwetu atashushwa kanisa jingine, na kwa jinsi alivyolelewa na adabu ataona haya kukatisha ibada, ataitikia kila kitu, na mpaka Joshua apate habari tutakuwa tunadaiwa wajukuu na ukoo tusioujua. Nani atakwenda kuomba radhi huko? Mimi siendi. Utakwenda wewe na kamati yako.

Chura hapotei. Chura yuko mmoja.

Mmeandika pia kwamba gauni halitaingia kwenye gari la milango miwili. Nimeshapima kwa godoro la wageni. Liliingia lote, ila lilihitaji kukunjwa na dada yako akanisaidia kwa goti. Hoja hiyo naomba ifungwe.

Sasa niseme kinachoniuma, maana kicheko kina mwisho. Mimi si msemaji, Shemeji, unanijua. Siku hiyo mtanipa kipaza sauti, nitasema "asanteni kwa kuja" kisha nitakaa. Hata huyu mtoto sijawahi kumwambia mambo mengi. Kila nilichotaka kumwambia nilimwambia kwa kumpeleka mahali. Alipofeli hesabu kidato cha pili nilimweka kwenye Chura nikampeleka hadi Hombolo tukatazama bwawa, tukala miwa, tukarudi, sikumgombeza wala sikumtuliza. Alipopata kazi tulikwenda tena Hombolo. Alipoleta habari za Joshua nilikaa kimya wiki nzima, halafu nikamwambia apande gari. Loisi yeye ana maneno, humaliza mambo yake jikoni. Mimi nina gari tu.

Na sasa anaondoka nyumbani kwangu, na kamati yako imenipangia kiti kwenye basi la wazazi, nyuma ya matarumbeta. Inaniuma sana, nakuambia wazi. Nilimleta ndani ya nyumba ile kwa mikono yangu, na kwa mikono yangu nilitaka kumtoa. Taa nilizibadilisha ili siku hiyo asipite kwenye giza lolote, dogo wala kubwa.

6. Maombi

Baada ya kutafakari kwa kina nimegundua kwamba tatizo letu halikuwa taa. Tatizo ni jua. Ninyi mmepanga ibada mchana, wakati ambapo taa nzuri haionekani inachofanya isipokuwa kuwachanganya madereva. Kwa hiyo naomba kwa heshima zote kamati ihamishe harusi kutoka mchana kwenda baada ya jua kuzama. Giza likiingia, hakuna dereva atakayedhani namwonya kuhusu tochi, na mtaona wenyewe kazi ya Nurdini.

Ili mwanga uonekane sawasawa, magari mengine ya msafara yazime taa zote yanifuate mimi. Njia wanaijua, wengi wao wamezaliwa hapa. Taa za barabarani nazo zizimwe kuanzia Nkuhungu hadi kanisani, na barua ya kuomba hilo nimeshaiandika rasimu, inasubiri sahihi yako tu. Kanisani kwenyewe hakutakuwa na haja ya umeme. Nitamwegesha Chura uso kwa mlango mkubwa, nao mwanga utafika madhabahuni na chenji itabaki. Kasisi nimeshamdokeza. Aliniambia ataniombea.

Bado kuna suala la mwezi. Nimeangalia kalenda, nikakuta wiki hiyo mwezi ni mpevu, jambo ambalo kamati ilipaswa kuliona mapema kama ingekuwa makini. Mwezi mpevu hapa kwetu, na hii nchi ilivyo wazi bila miti mikubwa, unaweza kabisa kushindana na taa za mtu. Naomba basi harusi isogezwe mbele mpaka mwezi upungue. Najua kadi zimeshagawiwa na wapishi wameshaambiwa. Lakini kama Joshua hawezi kumsubiri mwezi, tujiulize mapema uvumilivu wake utakuwaje huko kwenye ndoa.

Kamati ikikataa yote haya, sitasusa, mimi si mtu wa kususa. Nitapanda hilo basi lenu la wazazi. Ila nitakuwa nimemwegesha Chura pale mlangoni mwa kanisa tangu alfajiri, vifuniko juu, taa zote zinawaka, na kila mjumbe aliyepiga kura dhidi yangu ataingia nyumba ya Bwana akiwa amefumba macho na kupapasa ukuta.

Nategemea majibu ya maandishi, yenye kumbukumbu namba, kabla mafua hayajakuzidi. Nisalimie mke wako, mwambie zile embe zimefika na zilikuwa tamu. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, hata wale walioonja nyama. Wasalimie matarumbeta. Mbuzi wa Kibakwe hajambo, amezoea, sasa analala chini ya Chura. Na wazee wote wa ukoo wapelekee mbukwenyi yangu, salamu yetu ya Kigogo, kila mmoja kwa umri wake.

Ni mimi shemeji yako, niliyekerwa na ninayekupenda,

Abeli Ndahani,
Baba wa bibi harusi na dereva wake halali.

Nakala: Erick mpiga video, fundi Nurdini, Loisi (kwa taarifa tu, asijibu).

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha, Paskazia akaingia kuchukua chaja yake, akaiona barua mezani. Akaisoma yote amesimama. Alicheka kwenye Kosta, akacheka kwenye godoro mpaka akashika meza. Alipofika namba tano katikati aliacha kucheka, akavuta kiti akakaa.

Kumbe si kamati iliyonikataa. Ameniambia ni yeye aliyekuja kwako, Shemeji, akakuomba gari la kukodi na akakusihi usinitajie. Mambo ya taa mliyatafuta ninyi wawili ili nisijue. Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa bado anaongea, na mimi huwa simkatizi.

Anasema, "Baba, maisha yangu yote ndani ya Chura nimeliona sikio lako la kushoto tu." Akiwa analia, analiona sikio. Akiwa na furaha, sikio. Anasema kila mara alijua kuna kitu nataka kumwambia, ila macho yangu yalikuwa barabarani na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Siku hiyo anataka aendeshe mtu mwingine, mtu yeyote, hata asiyejulikana jina, ili mimi nikae nyuma pamoja naye, nimtazame, na nimshike mkono mpaka mlangoni mwa kanisa. Anasema si lazima niseme kitu.

Kwa hiyo hoja namba moja hadi sita naomba zisomwe kana kwamba hazikuandikwa. Barua naileta hivyo hivyo kwa sababu imeshapata kumbukumbu, na masjala hatufuti. Ibada ibaki mchana. Mwezi ufanye unavyotaka. Chura anakwenda kwa Nurdini kushushwa taa, na basi la wazazi kiti changu apewe mtu mwingine.

Ombi langu limebaki moja, Shemeji. Huyo dereva wa kukodi mwambie apite njia ndefu.